Sumukuvu inavyoharibu jeni za ini

Ndugu, umeuliza sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu) ya mahindi na karanga inaletaje saratani ya ini. Ini lenyewe ndilo huigeuza sumu hiyo kuwa kemikali inayojibandika kwenye DNA, yaani maandishi ya urithi ya seli, kwenye herufi G, mojawapo ya herufi zake nne: A, C, G na T. Seli ikigawanyika, G inageuka T. Kosa hilo hupenda kutokea kwenye kodoni (kikundi cha herufi tatu) ya 249 ya jeni TP53, mlinzi anayezuia seli zilizoharibika zisizaliane. Mwenye homa ya ini B yuko pabaya zaidi: kirusi nacho hupachika DNA yake kwenye yetu, na kwenye uvimbe mara nyingi hukutwa karibu na jeni TERT, inayoipa seli uwezo wa kuendelea kugawanyika, na kuiwasha; basi seli inagawanyika bila kuchoka. Na usitegemee moto wa kusongea ugali, sumu hii inauvumilia.