Zinjanthropus, Adamu na ile miaka milioni 1.75: jibu kwa mwenye mtoto wa kidato cha kwanza

Mleta mada anasema daftari la Historia la mwanawe limeandikwa kuwa Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliishi kwenye korongo la Olduvai miaka milioni 1.75 iliyopita, na Jumapili mchungaji akafundisha kwamba dunia ina miaka elfu sita. Mtoto kauliza: nani mwongo? Waliojibu kabla yangu wamegawanyika, huku "sayansi ni ya shetani", kule "dini ni hadithi za kale", na mtoto bado hajajibiwa. Swali lake kwanza ni la kipimo: hiyo milioni 1.75 imetoka wapi, na hiyo elfu sita imetoka wapi?

Mkuu, fuvu lenyewe halikupimwa. Fuvu aliloliona Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, ambalo limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, halina ndani yake saa ya kufika miaka mingi hivyo. Kilichopimwa ni majivu ya volkano yaliyolala katika matabaka yale yale. Majivu yakishindiliwa huwa jiwe, wanajiolojia huliita tufu, na ndani yake mna fuwele za felspa, ndogo kama punje za mchanga. Fuwele hizo zina potasiamu. Katika kila atomu 10,000 za potasiamu, moja na kidogo ni potasiamu-40, ambayo huoza yenyewe polepole mno: nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25. Katika kila 100 zinazooza, 89 hivi zinageuka kalsiamu na 11 zinageuka agoni-40. Agoni ni gesi, haishikani na kitu. Mwamba ukiwa umeyeyuka gesi inatoroka. Fuwele ikishapoa, agoni inayozaliwa humo inabaki imefungiwa. Kwa hiyo saa inaanza kwenye sifuri siku ya mlipuko.

Mpe mtoto hesabu aifanye mwenyewe kwa kikokotoo. Kwa miaka milioni 1.75, katika kila atomu milioni moja za potasiamu-40, kama 970 zimeoza, na katika hizo kama 100 ndizo agoni. Kwa miaka 6,000, zilizooza ni tatu na kitu, na agoni haifiki hata atomu moja nzima. Tofauti ni karibu mara 290. Hilo si kosa la mtu aliyesoma mizani vibaya.

Maabara wanafanya hivi: jiwe linapondwa, linachekechwa, punje za felspa zinachaguliwa chini ya hadubini na kuoshwa kwa asidi hafifu. Kwa njia ya sasa punje zinapelekwa kwenye kinu cha nyuklia ili sehemu ya potasiamu-39 igeuke agoni-39, kisha punje moja moja inayeyushwa kwa leza na gesi yake inahesabiwa. Hapo potasiamu na agoni vinapimwa kutoka punje ile ile, kwa mkupuo mmoja. Agoni ya hewa nayo lazima iondolewe, maana hewa tunayovuta ina karibu 1% ya agoni. Inatambulika kwa uwiano wake: katika hewa, kila agoni-36 moja huambatana na agoni-40 zipatazo 298. Ukihesabu agoni-36, unajua cha kutoa.

Sasa, wapi inakosea? Maana inakosea, na wahubiri wanaotaja makosa hayo hawayabuni. Lava ya Hualalai, Hawaii, ililipuka 1800 hadi 1801, watu wakiiona. Lakini vipande vya mawe ya kina kirefu vilivyobebwa ndani yake vilipopimwa miaka ya 1960, vilitoa umri wa mamilioni mengi ya miaka. Sababu: vipande vile havikuyeyuka vyote, na agoni yao ya zamani haikutoka. Ukipima mzigo badala ya gari, utapata umri wa mzigo. Kosa la upande wa pili ni jiwe lililochakaa kwa maji na joto. Linavuja agoni na kuonekana kijana kuliko lilivyo.

Kisa cha kufundishia kiko jirani, Koobi Fora kando ya Ziwa Turkana. Tabaka moja la majivu, lile linaloitwa KBS, lilipimwa mwishoni mwa miaka ya 1960 likatoa miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 chini ya tabaka hilo likapatikana fuvu maarufu namba 1470, na kwa hesabu hiyo likatangazwa kuwa la karibu miaka milioni 2.9. Waliolikataa jibu hilo walikuwa wanashika meno ya nguruwe. Nguruwe wa kale walibadilika haraka, na meno ya wale waliokutwa chini ya majivu ya KBS yalifanana na ya bonde la Omo, Ethiopia, kwenye matabaka ya miaka kama milioni 2. Ugomvi ulichukua karibu miaka kumi. Majivu yakapimwa upya kwa uangalifu, yakatoa milioni 1.88, vipimo vya kwanza vilikuwa vimechanganyika na punje kongwe. Angalia ukubwa wa kosa lenyewe: kutoka 2.6 kwenda 1.88. Mizani ilikuwa imepotoka kwa theluthi moja hivi, na waliogundua ni wanasayansi wenyewe. Kufika 6,000 unahitaji kosa la mara mia tatu.

Olduvai kuna shahidi mwingine asiyehusiana na agoni kabisa. Sumaku ya dunia hugeuka mara kwa mara, kaskazini ikawa kusini, na lava ikipoa inashika mwelekeo wa wakati huo. Kuna kipindi kimoja kifupi, kati ya miaka milioni 1.95 na 1.78 hivi iliyopita, kinachoitwa kipindi cha Olduvai kwa sababu miamba ya korongo lile ndiyo iliyokipa jina. Alama hiyo hiyo inaonekana kwenye miamba ya sakafu ya bahari.

(Na tafadhali, upande wowote, msiseme Zinj alipimwa kwa kaboni. Kaboni-14 nusu yake ni miaka 5,730. Baada ya miaka 50,000 hivi haibaki ya kutosha kupimwa.)

Tuje kwa elfu sita. Namba hiyo haijaandikwa mahali popote kwenye Biblia. Ni jumla iliyopigwa kwa kujumlisha vizazi. Maarufu zaidi ni ya askofu James Ussher wa Ireland, aliyechapisha mwaka 1650 kwamba uumbaji ulianza 4004 KK. Alikuwa msomi wa kweli, hesabu yake si ya kuchekwa. Tatizo ni kwamba alichukua orodha za vizazi kama leja isiyorukwa mstari, na orodha zenyewe zinaruka. Fungua Mathayo 1:8: Yoramu akamzaa Uzia. Linganisha na vitabu vya Wafalme na Nyakati, utakuta kati yao wamerukwa Ahazia, Yoashi na Amazia. Mwandishi alitaka makundi ya vizazi 14, na "kuzaa" kwake kunabeba hata kilembwe, yaani mtoto wa kitukuu.

Siku sita je? Jua linawekwa siku ya nne, na tayari kumekuwa na jioni na asubuhi mara tatu. Agostino, aliyekuwa askofu Afrika Kaskazini zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Darwin, aliliona hilo na hakuzichukua siku zile kuwa za saa 24. Mwanzo 2:4 inatumia "siku ile" kwa kazi nzima ya kuumba mbingu na nchi. Tena ziweke kwa safu mbili: ya kwanza nuru, ya nne mianga, ya pili anga na maji, ya tano ndege na samaki, ya tatu nchi kavu, ya sita wanyama na mtu. Tatu za kutenga mahali, tatu za kujaza. Huo ni mpangilio wa mtunzi anayefundisha nani mwenye nyumba, si ratiba ya fundi.

Kwa Waislamu hapo mzigo ni mwepesi zaidi. Kurani inataja siku sita (7:54), lakini inasema siku kwa Mola ni kama miaka elfu moja (22:47) na pengine elfu hamsini (70:4), na hesabu ya miaka ya dunia haimo. Ninachokipinga ni ule mtindo wa mitandaoni wa kuchukua "moshi" wa 41:11 na kusema ndio mlipuko mkuu (Big Bang) wa mwanzo wa ulimwengu. Nadharia ikirekebishwa kesho, aya utaipeleka wapi? Wakristo walionjeshwa hilo mapema. Padri Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyetoa mwaka 1931 wazo la ulimwengu kuanza kama atomu moja ya kale. Papa Pius XII alipohutubia mwaka 1951 akiikaribisha sayansi hiyo mpya kama shahidi wa uumbaji, aliyekosa raha ni Lemaître mwenyewe, padri.

Fundo gumu kweli si miaka. Ni Adamu. Lugha yetu yenyewe inasema binadamu, yaani mwana wa Adamu, na huwezi kulipita neno hilo kwa utani. Zinj hahusiki: jina lake la kitaalamu leo ni Paranthropus boisei, tawi la pembeni lililokufa, kwa hiyo hata kisayansi si babu yetu. Wala wanabiolojia hawasemi tumetoka kwa nyani hawa wa leo. Wanasema sisi na sokwe tuna asili moja ya miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita. Ushahidi wake unaoonekana: sokwe wana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 48, sisi 46, na kromosomu yetu namba 2 ina katikati yake alama za ncha mbili zilizounganishwa. Kanisa Katoliki mwaka 1950 liliruhusu uchunguzi wa asili ya mwili, likashikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na halikuachia Adamu kuwa kundi la watu. Wanazuoni wengi wa Kiislamu humtenga Adamu kama umbo la pekee, na baadhi yao hawana shida na mimea na wanyama kubadilika. Jinomu, yaani jumla ya vinasaba vyetu, kwa upande wake, inaonyesha kundi la maelfu, si watu wawili. Wapo waumini wanaosema Adamu aliteuliwa kuwa kichwa cha watu waliokuwepo. Wapo wanaosema aliumbwa peke yake na uzao wake ukachanganyika na wengine. Kila jibu lina bei yake kwa imani, na mzazi asimwambie mtoto kwamba limeshaisha.

Kwenye mtihani, aandike lililofundishwa: mwaka 1959, Olduvai, miaka milioni 1.75. Akiulizwa nyumbani kama mchungaji ni mwongo, mwambie mchungaji kajumlisha vizazi, kisha mfungulieni pamoja Mathayo 1:8.