Kabla Mnunuzi Hajagonga Geti

Kwenye ukuta wa mbele wa nyumba ya baba, Tabata, kulikuwa na maandishi mekundu ya mkono wake mwenyewe: NYUMBA HII HAIUZWI. Aliyaandika baada ya matapeli kumuuzia mtu kiwanja cha jirani, mwenyewe akiwa safarini. Ukiishi Dar es Salaam unayajua maandishi haya, hakuna mtaa yasipokuwepo. Mirathi ilipokwisha na watoto wote watano tukakubaliana kuuza, tukaupaka ukuta ule mkono mmoja wa rangi nyeupe, tukaona kazi imekwisha. Mvua ya kwanza ikanyesha. Ukuta ulipolowa, maandishi yakarudi, hafifu lakini yanasomeka. Mteja wa kwanza aliyeletwa na dalali aliyasoma akiwa bado garini. Hakushuka.

Kwa hiyo, ukiiandaa nyumba kwa wanunuzi, anza barabarani. Simama pale mteja atakapoegesha gari, uitazame nyumba kama mtu asiyekujua. Geti linalia? Taka zimerundikana kwenye mtaro? Kile kibanda cha kuku ulichokizoea miaka kumi, yeye anakiona leo. Maandishi ya ukutani yakwanguliwe mpaka kwenye plasta, kisha ndipo ipakwe rangi, mikono miwili au mitatu.

Ndani, sikukazania mapambo. Mnunuzi wa Dar haji kununua mapazia. Anakuja na maswali manne: maji yapo, umeme unajitegemea, barabara inapitika, mvua ikinyesha maji yanaingia? Jaza simtanki siku moja kabla, na bomba likifunguliwa litoe maji, lisikohoe hewa. Nunua umeme wa LUKU wa kutosha. Mimi niliishiwa yuniti mteja akiwa koridoni, ikabidi tumalizie kwa tochi ya simu, na dalali anacheka cheka kama mtu aliyemeza ndimu. Badilisha taa zilizoungua. Mpangie mteja aje kama saa nne asubuhi, madirisha yamefunguliwa tangu alfajiri. Saa nane mchana sebule yenye dari ya chini inakuwa tanuri, na jioni mbu watakusaidia kumfukuza.

Harufu ndiyo iliyotuumbua. Nyumba ilikaa tupu miezi saba, na nyumba tupu huanza kuharibikia chooni. Chini ya lile tundu la sakafu ya bafu kuna bomba lililopinda, ambalo hubakiza maji kidogo. Maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya chemba isipande. Bafu lisipotumika kwa wiki kadhaa yanakauka, basi nyumba nzima inanuka na wewe umeshazoea. Dawa yake ni ndoo ya maji kwenye kila tundu, sinki na choo, jana yake. Sisi hatukulijua hilo. Dada yangu akawasha udi sebuleni, akafukiza ubani koridoni. Mteja, baba wa makamo, akaingia, akapiga chafya mara mbili, akauliza kwa upole, "Hapa mnafukiza nini?" Nikamwambia ndiyo kawaida yetu. "Sawa, mwanangu," akasema, akaongoza moja kwa moja bafuni.

Lakini aibu kubwa ilikuwa ya chumba cha masta. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa na chumvi. Wenye nyumba za zamani wanaielewa: unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, ukikauka unaacha ungaunga mweupe, rangi inavimba na kubanduka. Fundi akaniambia tupige msasa, tuweke skimu, ule unga laini wa kusawazisha ukuta, tupake rangi, "hakuna atakayejua." Nikakubali, kwa sababu ilikuwa rahisi na mteja alikuwa anakuja Jumamosi.

Jumamosi akaja mama mmoja wa makamo, kajifunga mtandio, mikono nyuma. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Alipita vyumba vyote hasemi neno. Alipofika kwenye ukuta ule akainama, akabonyeza kwa kidole gumba sehemu ya chini, karibu na sakafu. Rangi ikaingia ndani kama ngozi ya uji uliopoa. Akaiinua kwa ukucha, chini yake unga mweupe ukamwagika kwenye vigae. Akaupangusa kwenye kiganja.

"Rangi hii ina siku ngapi, mwanangu?"

"Tatu, mama."

"Na paa nalo mmelipaka lini?"

Paa letu lilikuwa zima kabisa. Ila tangu dakika ile hakuamini chochote nilichosema, na alikuwa na haki. Rangi mpya ya nyumba nzima haimtishi mtu. Ukuta mmoja unaong'aa kuliko wenzake ndio unaomwita aje abonyeze.

Tulibandua plasta ile mpaka usawa wa kiuno, tukauacha ukuta wazi wiki kadhaa ukauke, kisha tukapiga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Hatukuipaka rangi. Kila aliyekuja nilimpeleka pale kwanza, nikamweleza. Wawili waliomba tupunguze bei. Hakuna aliyekimbia.

Kuhusu familia nitasema kwa ufupi, maana kila mtu ana ya kwao. Msemaji awe mmoja. Kaka yetu mdogo alikuwa anakaa barazani kwenye kiti cha baba, uso umekunjwa, na mteja akimsalimia anajibu, "Hii nyumba ya urithi." Anachokisikia mteja hapo ni kesi mahakamani. Tulimwomba siku za wateja aende kwa shangazi Ukonga, na kiti akaenda nacho. Vitu vya thamani na dawa za wazee viondoeni, na mtu mmoja asibaki peke yake na kundi la wageni. Hati onyesha nakala tu. Mnunuzi makini ataenda mwenyewe kufanya upekuzi ofisi za ardhi, ahakikishe nyumba ni ya nani. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, lakini pango la ardhi, lile linalolipwa serikalini kila mwaka, halikatwi huko, na risiti zake ndizo watu wanazozisahau.

Kapitie na kwa majirani. Mteja akiaga kwako hafiki mbali, anaingia duka la Mangi kununua soda, na pale ndipo anapoulizia mafuriko, wezi na ugomvi wenu wote.

Aliyenunua alikuja Aprili, mvua inanyesha, bila dalali wala taarifa. Alivaa mabuti. Alisimama uani karibu robo saa akitazama maji yanakoelekea, kisha akaomba kuonyeshwa ukuta "unaosemwa", maana Mangi alishamsimulia. Tulielewana bei Jumatatu iliyofuata.

Juni nilipita pale nikiwa kwenye bajaji. Ukuta wa mbele umepakwa rangi ya maziwa, geti jipya. Na pale pale palipokuwa na mkono wa baba, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko zake: NYUMBA HII HAIUZWI.