Neva iliyoshonwa haijafa: ipimeni kwa milimita

Mama wa mtaa wa Kadutu, umeandika kwamba mwanao alikatwa na kioo kwenye kifundo cha mkono, neva (mshipa wa fahamu) ikashonwa, na miezi miwili baadaye kidole cha mwisho bado ni kama gogo. Jirani amekwambia neva imekufa, anakushauri ununue sindano za vitamini. Mimi nilikatwa na bati nikiezeka nyumba hapa Bukavu, neva ileile, sentimita 6 juu ya kifundo. Niliambiwa maneno hayohayo, na yaliniumiza kuliko jeraha.

Seli za neva hiyo ziko kwenye uti wa mgongo na kando yake, mbali kabisa na kovu. Kilichokatwa ni mikia yake mirefu, yaani nyuzi za neva. Kipande cha chini huoza. Augustus Waller aliliona hilo kwa vyura mwaka 1850. Lakini ndani ya kipande hicho hubaki seli za Schwann, zile zilizokuwa zimeuvika uzi ganda lake. Zinaacha kazi ya ganda, zinaongezeka, zinasaidia kusafisha mabaki, kisha zinajipanga mstari mmoja hadi kidoleni. Umewahi kulima maharagwe ya kupanda? Ni kama miti tunayoyachomekea. Uzi mpya ukichipuka kwenye mshono, hushika mti huo na kuufuata.

Tena ni miti inayolisha. Siku zote ngozi na misuli hutuma protini zinazopanda ndani ya uzi mpaka kwenye seli, na seli huzihitaji ili iwe na afya. Njia ikikatwa, seli za Schwann huanza kutengeneza protini hizo zenyewe. Ya kwanza kujulikana inaitwa NGF, kifupi cha Kiingereza cha 'kikuza neva'. Aliyeigundua ni Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Italia aliyefungiwa milango ya chuo kikuu na sheria za ubaguzi za 1938. Alichunguza neva za vifaranga ndani ya mayai ya kuku chumbani kwake kwa siri, vita ikiwaka, na mabomu yalipozidi Torino akahamia kijijini na mayai yake. NGF yenyewe aliipata Marekani baada ya vita, na mwaka 1986 akapewa Nobel pamoja na Stanley Cohen. Sisi wa Kivu tunajua ni moyo gani unaoendelea na kazi katika hali kama ile. Namheshimu sana mama huyu.

Sasa mkono wa mwanao. Uzi hukua takriban milimita 1 kwa siku, baada ya wiki chache za kuanza. Kine wangu, yule anayenyoosha viungo, alinifundisha kipimo cha Mfaransa Jules Tinel cha 1915: gonga taratibu kwa ncha ya kidole, kuanzia kidole kilichokufa ganzi ukipanda kuelekea kovu. Pale mwiba wa umeme unaporuka, ndipo nyuzi zimefika. Nilikuwa naweka alama kwa biki. Mwezi wa tatu alama ilikuwa kifundoni, wa tano katikati ya kiganja, wa nane kwenye ncha. Nguvu ya kutanua vidole haijarudi yote, sitakuficha, lakini nashika nyundo.

Miti ya maharagwe nayo huoza. Seli za Schwann zikikaa miezi mingi bila uzi huchoka, na msuli husinyaa. Kwa hiyo alama ikikaa palepale mwezi baada ya mwezi, mrudishe kwa aliyeshona, usingoje mwaka uishe.

Sindano za vitamini B humfaa mwenye upungufu. Hazijengi uzi uliokatwa. Hata NGF yenyewe, wagonjwa wa kisukari walipochomwa katika majaribio ya miaka ya 1990, iliwauma pale ilipochomwa na haikuleta nafuu iliyotarajiwa. Matone yake ya macho yaliruhusiwa Marekani mwaka 2018, kwa kidonda cha jicho lililopoteza neva. Pesa yako ipeleke kwa kine, avinyooshe vidole kila siku visikakamae.

Na mweke mbali na mbabula, jiko la makaa. Mimi nilikuwa nageuza sambaza, visamaki vya ziwani, nikasikia harufu ya nyama inaungua, nikatazama kikaangio. Kilikuwa kidole changu.

Leo jioni mgongeni polepole, kisha uniandikie: ni sentimita ngapi kutoka kwenye kovu?