Fleti ya Ukodishaji: Ninanunua Nini Hasa?

SWALI: Wakili, salamu. Nataka kununua fleti ya vyumba vitatu vya kulala huko Nyali, Mombasa. Muuzaji amenionyesha mkataba wa ukodishaji mdogo uliosajiliwa, na cheti cha hisa moja katika kampuni inayosimamia jengo. Ardhi yenyewe ilikodishwa na serikali kwa miaka 99 kuanzia tarehe 1 Januari 1981. Ananihakikishia kuwa nyumba itakuwa yangu na watoto wangu daima, ilhali jirani yake asema muda ukiisha serikali huchukua kila kitu. Anataka nimtumie arubuni ya shilingi 500,000 wiki hii. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, muuzaji amekosea, na jirani naye hakukueleza yote. Unachouziwa ni haki ya kuimiliki fleti kwa miaka iliyosalia katika ukodishaji mkuu, yaani ule wa ardhi kutoka serikalini, ambao kwa tarehe uliyonitajia utakoma mwisho wa mwaka 2079, pamoja na hisa katika kampuni ambayo ilikusudiwa kuishika ardhi kwa niaba ya wenye fleti wote. Ukodishaji mdogo hauwezi kudumu kupita ule mkuu uliouzaa, na mara nyingi huandikwa upungue siku chache. Isome basi tarehe iliyomo katika mkataba wa fleti yenyewe, kwa kuwa si lazima ilingane na ile ya ardhi.

Kuhusu muda kuisha, kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaagiza kwamba ardhi inaporudi kwa serikali ya kitaifa au ya kaunti, aliyekuwa akiishika apewe nafasi ya kwanza ya kugawiwa tena, mradi awe raia wa Kenya na ardhi isiwe inahitajika kwa shughuli za umma. Ombi la kuongezewa muda laweza pia kupelekwa kabla ya ukodishaji kwisha, na hiyo ndiyo njia ya busara. Nafasi hiyo ya kwanza, hata hivyo, ni ya mwenye ukodishaji mkuu. Ikiwa ardhi bado imesajiliwa kwa jina la mstawishaji aliyejenga, yeye ndiye atakayesimama mbele ya serikali, na ninyi wenye fleti mtamfuata nyuma. Ikiwa imeshahamishiwa kampuni ya wakazi, kumbuka kwamba Ibara ya 65 ya Katiba huihesabu kampuni kuwa raia pale tu hisa zake zote zinapomilikiwa na raia. Jengo la Nyali lisilo na hata mwenye fleti mmoja kutoka ng'ambo si rahisi kulipata, na hisa moja ya mgeni yatosha kuibua hoja kwamba kampuni nzima si raia. Hilo sijaona likitajwa katika tangazo lolote la kuuza fleti.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa muuzaji lingekuwa hili: je, jengo limebadilishwa kulingana na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020? Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2020. Chini yake, mpimaji ardhi huandaa ramani inayoonyesha kila fleti, ramani husajiliwa, hati mama (ile ya kiwanja kizima) hufungwa, na kila fleti hupata hati yake kwa jina la mwenyewe. Ngazi, lifti, paa na maegesho huwa mali ya pamoja kwa mafungu yaliyotajwa kwa kila fleti, na shirika la wamiliki huzaliwa kwa nguvu ya sheria yenyewe, bila kuhitaji kampuni. Ardhi ya ukodishaji huingia katika mfumo huu endapo imebakiza angalau miaka 21, kwa hiyo yenu inafaa. Hati mpya haitaongeza mwaka hata mmoja, lakini utakuwa umesajiliwa wewe mwenyewe, wala hutategemea jina la mstawishaji au orodha ya wanahisa.

Mikataba ya zamani kama huo ulioonyeshwa ilipewa miaka miwili irekebishwe, na muda huo ulipita Desemba 2022. Yapo majengo ambayo hayajabadilishwa hadi leo, aghalabu kwa sababu mstawishaji hataki kuisalimisha hati mama, ameiweka rehani benki, au haonekani tena. Sheria haikumwacha mwenye fleti mikono mitupu: anaweza kuanzisha mabadiliko yeye mwenyewe, na msajili ana uwezo wa kuweka zuio kwenye hati ya mstawishaji mkaidi. Kazi hiyo ina gharama za mpimaji na wakili, tena huchukua muda. Ushauri wangu ni kuwa ama muuzaji aikamilishe kabla ya kulipwa salio, ama gharama hizo zikatwe kwenye bei, na sharti hilo liandikwe katika mkataba wa mauzo.

Kabla ya hapo wakili wako afanye upekuzi rasmi wa hati mama na wa fleti, kisha aifuate historia ya ardhi hadi kwa aliyegawiwa mara ya kwanza. Usidhani hii ni kazi ya ziada. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha huko huko Nyali, na ikasema kwamba hati iliyotokana na ugawaji uliokiuka sheria haimkingi aliyeinunua baadaye, hata awe na nia njema kiasi gani. Jengo likisimama juu ya ardhi ya namna hiyo, fleti zake zote huyumba pamoja nalo.

Ama arubuni, usimtumie muuzaji. Mkataba wa kuuza haki ya ardhi usipoandikwa, kutiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa, mahakama haitausimamia, na kudai fedha ulizotuma kwa simu ni safari ya miaka. Desturi ni asilimia 10 ya bei, baada ya mkataba kutiwa sahihi, ikishikwa na wakili wa muuzaji hadi mauzo yakamilike. Muuzaji akiwa na mwenzi wa ndoa, na fleti ikiwa mali ya ndoa, hakikisha ridhaa ya mwenzi huyo ipo kwa maandishi.

Omba pia barua kutoka kwa kampuni ya wakazi inayotaja malimbikizo ya ada ya huduma, na vyeti vya kuthibitisha kwamba kodi ya ardhi ya serikali kuu na reti za kaunti zimelipwa. Ushuru wa stempu kwa mali ya mjini, asilimia 4 ya thamani itakayokadiriwa na mthamini wa serikali, utaubeba wewe. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ni ya muuzaji, na asikubembeleze uichangie.