Mchina mwembamba, kolesteroli juu: mashine haijakosea

Mkuu, umeandika kwamba injinia wenu Mchina ni mwembamba kama ufito, anashindia wali, mboga za majani na chai isiyo na sukari, halafu majibu yakatoka kolesteroli imepanda. Unauliza kama mashine ya maabara imekosea. Arudie kipimo, hakuna ubaya. Ila mimi mashine nisingeanza kuilaumu.

Udaktari nilisomea Guangzhou, huko Uchina. Tukiwa kwenye mazoezi wodi ya moyo, akaletwa kijana wa miaka thelathini na kitu, muuza tambi, kifua kimembana. Kitambi hana. Mwalimu wetu alipomaliza kumsikiliza moyo akamwambia avue soksi. Sisi tukatazamana. Nyuma ya kisigino, kwenye ile kano nene, kulikuwa na uvimbe mgumu usiouma: kolesteroli iliyojijenga humo miaka na miaka. LDL yake, yaani ile kolesteroli mbaya, ilikuwa 7.8 (milimoli kwa lita), juu mno.

Mama yake alipokuja kumuuguza, naye akaombwa damu. Yake ikasoma 4.6, visigino safi. Vipimo vya vinasaba vilipotoka, mama na mwana walikuwa na hitilafu ile ile kwenye jeni ya LDLR. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza vipokezi vya ini, ambavyo ni kama makuli wa bandarini: kazi yao kushusha LDL kutoka kwenye damu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Moja ikiharibika, makuli wanabaki nusu na mzigo unarundikana. (Michael Brown na Joseph Goldstein, waliovigundua vipokezi hivyo, walipewa Nobel mwaka 1985.)

Sasa mbona mama alikuwa na nafuu? Alikulia kijijini enzi ambazo nyama ilionekana sikukuu hadi sikukuu. Mwanaye kakulia mjini, nguruwe asubuhi, nguruwe jioni. Na si hao wawili tu. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliolinganisha Wachina wenye hitilafu zinazofanana za LDLR, wengine wakiishi Uchina, wengine Kanada. Wa Kanada walikuwa na LDL ya juu zaidi kwa mbali, na baadhi yao walikuwa na uvimbe wa kano kama wa yule kijana. Kwa hiyo anayekwambia "ni jeni tu" au "ni chakula tu", mpishe apite.

Hitilafu nzito namna hiyo si za kila mtu. Wengi wetu tuna mabadiliko madogo madogo, moja linasukuma juu, jingine linavuta chini. Chukua jeni ya APOE, yenye aina tatu kuu: e2 hushusha LDL, e4 huipandisha, e3 iko katikati. Kwa Wachina e4 ni adimu kuliko kwa Wazungu, na sisi Waafrika tunayo kwa wingi zaidi ya wote hao. Hapo wametuzidi bahati. Lakini geukia APOA5. Kuna badiliko liitwalo G185C ambalo kwa Wazungu ni kama halipo, ila kwa Wachina lipo na linapandisha trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu. Anayempima Mchina kwa orodha ya jeni iliyoandaliwa kwa Wazungu atalipita bila kuliona. Hili huwa linanikera, maana sisi nasi orodha hizo hazikuandaliwa kwa ajili yetu.

Jambo la dawa usilipuuze. Akiandikiwa rosuvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, amkumbushe daktari asili yake. Watu wa asili ya Asia hushauriwa kuanza na miligramu 5, kwa sababu dozi ile ile hufika juu zaidi kwenye damu yao, na sehemu ya sababu ni badiliko la jeni ya ABCG2 ambalo kwao ni la kawaida. Asije akameza vidonge vya rafiki yake vya miligramu 40 kisa ugonjwa ni mmoja, dawa hii ikizidi mwilini inaweza kumuumiza misuli.

Mwulize kama baba, mama au ndugu zake kuna aliyepata shtuko la moyo akiwa bado kijana. Mwambie pia avue soksi. Halafu urudi na namba yenyewe ya LDL, mkuu, maana hapa umetuandikia "imepanda" tu.