Usihifadhi sentensi, hifadhi tukio

Programu tunayoitunza ni ya vyama vya ushirika wa maziwa. Mwisho wa mwezi mhasibu anabonyeza "Kokotoa malipo", kazi inaingia kwenye foleni, na seva nyingine huko kwenye wingu inaichakata taratibu, yeye keshaenda kunywa chai. Akirudi anaangalia kengele ya arifa: kazi imekamilika, malipo 3 yamekwama.

Tulipopata wateja Goma, kule Kongo, ndipo nilipojua sijui. Mhasibu wa kule aliweka akaunti yake kwa Kifaransa, meneja wake kwa Kiswahili. Mhasibu akaendesha kazi, meneja akafungua arifa, akakuta Kiingereza. Si lugha ya huyu wala ya yule.

Sababu yake ni nyepesi ukishaijua. Ukurasa wa kawaida unaombwa na kivinjari, na kivinjari kinakuja na lugha yake mkononi. Kazi ya foleni haina kivinjari. Inafanywa na seva ikiwa peke yake, na ya kwetu ilikuwa Kiingereza cha Marekani tangu siku iliyowashwa. Nikaona ni rahisi: kazi iingie foleni ikiwa imebeba lugha ya aliyeianzisha. Kesho yake meneja akapata Kifaransa safi kabisa, na simu akanipigia mimi.

Kosa langu lilikuwa kuandika sentensi iliyokamilika ndani ya hifadhidata. Sentensi ikishaandikwa imeganda. Siku hizi kazi ikiisha tunahifadhi tukio lenyewe: msimbo "malipo_yamekwama", idadi 3, namba ya chama, na muda. Basi. Sentensi inaundwa pale mtu anapofungua skrini, kwa lugha yake yeye. Akibadilisha lugha ya akaunti, hata arifa za mwezi uliopita zinabadilika naye.

Sasa kuna mtego ambao Waswahili tunauingia tukicheka. Waliotangulia kuandika programu hii walikuwa na kiolezo kimoja: idadi, jina la kitu, halafu "imekamilika". Kwa Kiingereza kilipita. Kwetu kikatoa "12 wafugaji imekamilika". Ngeli hazikubali kuchomekewa maneno namna hiyo. Faili zimepokelewa, malipo yamekwama, mikopo imeidhinishwa, na ng'ombe, ambaye jina lake halibadiliki umoja wala wingi, wamesajiliwa. Andika sentensi nzima kwa kila tukio, umoja na wingi mbali mbali. Ndiyo, faili la tafsiri litanenepa. Liache linenepe.

Na sifuri je? Kanuni za wingi za CLDR, hazina ya pamoja ya taarifa za lugha za dunia ambayo maktaba nyingi za tafsiri huifuata, zinaiweka sifuri ya Kiswahili upande wa wingi, ya Kifaransa upande wa umoja. Kiarabu kina makundi sita, siku ukikifikia jiandae. Mimi sifuri naiandikia sentensi yake kabisa, kwa sababu hakuna mtu anayesema "malipo 0 yamekwama". Tunasema hakuna malipo yaliyokwama.

Tarakimu nazo ziache uchi hadi dakika ya mwisho. Kwa mpangilio wa Kiswahili cha Kongo nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali, kinyume cha Tanzania na Kenya. Lita 1.250 kwa mtu wa Goma ni shehena, kwa mtu wa Tanga ni lita moja na robo. Muda pia: hifadhi kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, kisha geuza unapoonyesha. Goma iko saa mbili mbele ya UTC, Tanga saa tatu, kwa hiyo kazi iliyoisha saa 21:30 za UTC ni ya leo kwa mmoja na ya kesho kwa mwingine.

Makosa yanayotoka kwenye programu za wengine usiyamwage kwenye skrini. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ikigundua namba ya mfugaji imejirudia italalamika kwa lugha ya mafundi, na mhasibu atadhani kavunja kitu. Lipe kosa hilo msimbo wako, "namba_imejirudia", pamoja na namba ya mstari kwenye faili lake la Excel, maana hicho ndicho anachokihitaji ili arekebishe. Malalamiko ghafi yabaki kwenye kumbukumbu za seva, kwa lugha moja tu, myasome nyie mafundi.

Halafu usifute msimbo wa zamani. Niliwahi kusafisha ile niliyoona haitumiki tena. Arifa za mwaka uliopita zikaanza kuonyesha misimbo mitupu mbele ya wakaguzi wa hesabu.

Kuna vitu viwili ambavyo lazima vigande: faili la PDF na SMS. Hapo uliza lugha ya mpokeaji kabla kazi haijaanza, siyo ya aliyebonyeza kitufe. Na kwenye SMS chunga alama ya ng'. Ukinakili tafsiri kutoka Word, ile koma ya juu huja imepinda, na alama iliyopinda haimo kwenye herufi za msingi za SMS. Kikomo cha ujumbe mzima kinashuka kutoka herufi 160 hadi 70, nawe unalipia SMS mbili kumwambia mfugaji ng'ombe wake amesajiliwa. Tuligundua tuliposoma bili.