Mistari Miwili Kabla ya "Furahini"

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Mwanza, na nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Baada ya kunisalimu kwa "Tumsifu Yesu Kristo", alieleza kwamba ameimba katika kwaya ya parokia yake kwa miaka 11, akaondolewa kwenye uongozi bila kuambiwa kosa lake, na tangu hapo anakwenda Misa, anatoa zaka, anasali rozari, lakini furaha hana. Kisha akamalizia kwa maneno yaliyonichoma: "Dada, wewe unaandika kuhusu matumaini kwa sababu hayajakukuta."

Yamenikuta. Kwa kuwa sijawahi kuyaandika, leo nitayaandika, kisha nitampa ushauri wangu, ambao namtahadharisha mapema kwamba si mrefu.

Mwaka 2022 nilikuwa mhazini wa jumuiya yetu hapa Dar es Salaam. Wasomaji Wakatoliki hawahitaji kuelezwa jumuiya ni nini. Kwa wengine niseme tu kwamba tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele katika uchungaji wao mwaka 1976, Mkristo wa kawaida wa Tanzania hulijua Kanisa kwanza kupitia familia ishirini na kitu za mtaa wake, zinazokusanyika nyumba kwa nyumba, kwetu ikiwa ni Jumamosi asubuhi na mapema kabla watu hawajatawanyika kwenye shughuli zao. Hapo ndipo tunaposoma Neno, ndipo tunapochangiana misiba, na hapo ndipo tunapoumizana, kwa sababu hakuna anayeweza kukuumiza sawasawa na mtu anayejua bei ya geti lako.

Nalitaja geti kwa makusudi. Nilikuwa nimeweka geti jipya la chuma mwezi uleule ambao mwanajumuiya mmoja alifiwa na baba yake, na ilipohitajika fedha ya rambirambi kutoka kwenye mfuko, daftari likaonyesha upungufu wa shilingi 186,000. Nilihesabu mara tatu mbele ya watu, jasho likinitoka, nikasema kwamba lazima kuna matumizi ambayo hayajaandikwa. Mama mmoja, jirani yangu, ambaye watoto wetu wamepata komunyo ya kwanza siku moja, akasema kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayeongoza sala, "Wengine misiba ya wenzao ndiyo mageti yao." Hakuna aliyemkemea. Wengine walitazama chini, na mmoja, hilo nalikumbuka, alicheka kidogo.

Nilijiuzulu wiki hiyohiyo. Miezi mitatu baadaye katibu alikuta kwenye daftari lake mwenyewe kwamba fedha ile ilikuwa imelipia maturubai na viti vya msiba uliotangulia, imetumwa kwa simu, na hakunipa taarifa. Mwenyekiti akalitangaza jambo hilo mwishoni mwa jumuiya, katikati ya tangazo la zaka na tangazo la usafi wa kanisa: "Ile hesabu imekaa sawa, tuendelee." Tukaendelea. Yule mama akaomba nimpishe apite, akaenda zake nyumbani.

Sikuhama jumuiya, na hilo kwa muda mrefu nililihesabu kuwa ushindi. Nilifika wa kwanza na kuondoka wa kwanza. Nilifunga, nilitoa bahasha zangu zote kwa wakati, nilisoma masomo ya Misa bila kukosea hata jina moja la Kiebrania, na nilihakikisha kila mtu anaona kwamba mimi, niliyesingiziwa wizi, ndiye mwaminifu kuliko wote. Nilikuwa nikisali ili Mungu aone jinsi ninavyosali licha ya yale waliyonitendea. Baba watoto aliniambia siku moja kwamba nikirudi kutoka jumuiya hata kuku huwa wanakaa mbali nami, nikamnunia mpaka Jumanne.

Miaka miwili ilipita hivyo, na sioni faida ya kuisimulia, kwa sababu uchungu unafanana siku zote.

Kilichonibadilisha kilianza Ijumaa moja jioni, nilipokuwa nikijiandaa kusoma somo la pili la Dominika ya tatu ya Majilio, yaani majuma ya kuingojea Noeli, tarehe 15 Desemba 2024. Hiyo ndiyo Dominika iitwayo Gaudete, yaani furahini, ambayo padre huweza kuvaa kasula ya rangi ya waridi badala ya zambarau, kana kwamba Kanisa limeshindwa kuvumilia toba mpaka mwisho na limeanza kutabasamu kabla ya wakati. Somo lenyewe mwaka huo lilikuwa Wafilipi 4:4 hadi 7: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Nina desturi ya kuanza juu kidogo ya pale somo linapoanzia, nisije nikasoma kama kasuku, na jioni hiyo macho yangu yakatua mistari miwili juu: "Namsihi Euodia, namsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana."

Nilikuwa nimeusikia waraka huo maisha yangu yote na sikuwahi kuwaona hao wanawake wawili. Hawakuwa watu wa pembeni, maana Paulo, aliyeuandika waraka huo, anasema waliishindania Injili pamoja naye, kwa hiyo walikuwa wanawake wa kazi, wa aina ya wale ambao parokia isingefungua mlango bila wao, na walikuwa wamegombana kiasi cha habari zao kumfikia mtu aliyefungwa gerezani mbali nao. Waraka ule ulisomwa mbele ya kusanyiko, majina yao yakiwa ndani. Na mara tu baada ya kuwasihi, bila kuacha hata nafasi ya watu kukohoa, Paulo anasema furahini. Waliopanga masomo ya Misa wana sababu zao za kuanzia mstari wa nne, lakini matokeo yake ni kwamba waumini tunaisikia furaha bila kuusikia ugomvi uliokaa mlangoni pake.

Jambo la kwanza nililofanya, naungama, lilikuwa kutafuta nani alikuwa na kosa. Nilisoma sura yote, nikarudi ya tatu na ya pili, nikitafuta mahali ambapo Paulo anasema Euodia alisingiziwa au Sintike alikuwa na ulimi mbaya. Hapasemwi. Nilikasirika kidogo, kama mtu aliyekwenda baraza la kata akakuta limefungwa. Nilikuwa nimeishi miaka miwili nikiamini kwamba furaha yangu itarudi siku hukumu itakaposomwa, na hapa palikuwa na mtume, mwenye minyororo yake, aliyekwisha kuchapwa viboko na kutupwa gerezani katika mji huohuo wa Filipi na akaimba usiku wa manane na Sila, ambaye anaamuru furaha ianze na hukumu hajaitoa.

Dominika ile nilisoma vibaya. Sauti ilikatika kwenye "tena nasema", na kwa mara ya kwanza sikujali nani ameniona. Padre katika mahubiri yake akakumbusha neno la Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake wa mwaka 2013 juu ya furaha ya Injili, kwamba wako Wakristo ambao maisha yao yanaonekana kama Kwaresima isiyo na Pasaka, nami nikajua bila kuuliza kwamba ninasemwa mimi. Siku tisa baadaye, mkesha wa Noeli, Papa huyohuyo alifungua Mlango Mtakatifu mjini Roma na kuanzisha Jubilei ya matumaini, akiwa amekwisha kuitangaza kwa maneno ya Paulo kwa Warumi kwamba tumaini halitahayarishi. Sisi tulio mbali na Roma tulisikia neno "tumaini" mwaka mzima mpaka baadhi yetu tukalizoea, lakini mimi lilikuwa limenikuta na jeraha bichi.

Januari tuliadhimisha somo wa jumuiya yetu, yaani mtakatifu msimamizi wetu. Pilau langu linajulikana. Ningesema nasema bila kujisifu, lakini acha tu nijisifu, kwa sababu mchele wangu haushikani hata nikipika kilo 20. Viongozi walipogawa kazi, kwa bahati mbaya au kwa ujanja wa mtu, mimi na yule mama tukapangiwa kumenya vitunguu. Tulikaa kwenye vigoda viwili nyuma ya nyumba, karai moja katikati yetu, na kwa muda mrefu hakuna aliyezungumza isipokuwa visu. Kisha akasema, "Ile hesabu ya mwaka ule..." akanyamaza. Nikangoja. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Vitunguu hivi vikali," kisha akanyoosha mkono: "Lete kisu chako nikutilie makali, kimekuwa butu."

Hiyo ndiyo radhi pekee niliyowahi kupewa, kama ilikuwa radhi. Nilimpa kisu. Akakinoa kwenye ukingo wa jiwe, akakirudisha, nami nikaanza kucheka na sikuweza kuacha, naye akacheka, na waliokuwa kwenye mafiga wakageuka kututazama kama wendawazimu. Nilirudi nyumbani nikinuka moshi na bizari, na Baba watoto akaniuliza kama jumuiya imevunjwa.

Sasa nije kwako, dada yangu wa Mwanza. Usisubiri kuombwa radhi. Najua hiyo si haki, na sisemi kwamba waliokuondoa walifanya vema. Walifanya vibaya, kama mimi nilivyofanyiwa vibaya, na kuna asubuhi ambazo bado nasikia kile kicheko kidogo. Lakini ukiiweka furaha yako rehani kwa watu wasiojua hata kwamba wanaishikilia, utakwenda kuikomboa lini? Paulo hakusema furahini katika uongozi wa kwaya, wala katika jina jema mtaani. Alisema katika Bwana, ambaye hakupiga kura ya kukuondoa.

Wala usijilazimishe kuchangamka. Furaha si bashasha, na Biblia imejaa watu waliolia bila kuficha, nabii Habakuki aliuona mtini usiochanua na zizi lisilo na kundi, akavitaja kimoja kimoja kama mtu anayeorodhesha hasara, na ndipo akasema, "Walakini nitamfurahia Bwana." Lile "walakini" lina uzito wake kwa sababu hasara zimetajwa kwanza. Kwa hiyo zitaje mbele za Mungu, kwa majina, hata kama utatumia lugha ambayo usingependa katekista aisikie, kisha ushukuru kwa kitu kimoja kilichobaki. Kimoja kwa siku kinatosha. Mimi nilianza na maji ya bomba, siku yalipotoka.

Na utafute kazi ya mikono pamoja na watu wa Kanisa, hata kama si kazi uliyonyang'anywa. Watu wa Yerusalemu walipolia kwa kuisikia torati, Nehemia hakuwatungia semina. Aliwaambia waende wakale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na kumpelekea sehemu asiyewekewa kitu, na ndani ya agizo hilo la chakula ndimo limo lile neno tunaloandika kwenye kanga na kwenye vioo vya daladala, kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zenu. Nimeona mwenyewe kwamba ni vigumu kumchukia kikamilifu mtu ambaye unamenya naye vitunguu. Usisubiri kuombwa radhi, nenda kamenye.

Katikati ya mwaka 2025 tulikwenda hija Bagamoyo, pale ambapo wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Tulipewa yale mahubiri ya "bwaga moyo" ambayo hakuna hija inayoyakosa, jua lilikuwa kali, na Papa aliyetuanzishia Jubilei alikuwa amekwisha kufariki Jumatatu ya Pasaka. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba yule mama alinishikia kiti kwenye basi.

Jubilei ilifungwa tarehe 6 Januari 2026, na mwezi huohuo jumuiya yetu ilifanya uchaguzi. Yule mama ndiye aliyenyanyua mkono na kulitaja jina langu kwa nafasi ya mhazini. Nilikataa, nimesamehe, lakini kushika tena lile daftari bado, na sidhani kama Mungu ananidai hilo. Alichaguliwa mwingine. Jumamosi hii tunasali nyumbani kwa yule mama, na amenitumia ujumbe nifike mapema nimsaidie kupanga viti. Nitakwenda, nikipitia kwenye lile geti langu, ambalo rangi yake sasa imeanza kubanduka.